NGOZI KATIKA MAVAZI YA WANAUME

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja, mwanachama, mbele ya mkutano wa tawi, Sudi)



Ninyi nyote mwajua sababu ya hotuba hii. Katika mkutano uliopita ililetwa shauri ya kwamba kila mwanachama, akiwa kazini au mkutanoni, avae viatu vya ngozi vya kufunika mguu, na asiyevaa atozwe faini. Wengine walikubali kwa makofi, wengine walinung'unika, na Bwana Mwenyekiti akaona ni vema tupewe muda wa kufikiri kabla ya kupiga kura. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Leo nataka kuwaeleza kwa nini nimefikiri tena.

Kwanza niseme wazi kwamba sikuja kuitukana ngozi. Naipenda. Mtu akitazama mavazi ya mwanamume wa pwani yetu tangu zamani hata leo, ataona kwamba mengi yamebadilika. Nguo za kaniki na marekani zimepita, koti na suruali zimeingia, tai nayo hufungwa na kufunguliwa kwa kadiri ya jua. Lakini ngozi imebaki. Imebaki kiunoni kama mshipi, imebaki mkononi kama mkoba wa karatasi na ukanda wa saa, na zaidi ya yote imebaki mguuni. Jambo lililodumu hivi lastahili kuulizwa sababu yake.

Tuanze mbali. Mwaka 1331 alipita katika pwani hii msafiri Ibn Battuta, mtu wa Tangier. Alipokuwa Mogadishu aliona jambo ambalo hakuliacha bila kuliandika. Baada ya sala ya Ijumaa mtawala wa mji alitoka, akavaa viatu vyake, akamwamuru kadhi naye avae vyake, na mgeni wake vilevile, kisha wakaenda kwa miguu mpaka nyumbani kwake karibu na msikiti. Watu wengine wote walikwenda miguu mitupu. Alipofika Mombasa aliandika kwamba watu wa huko nao huenda bila viatu, na kwamba kwenye mlango wa msikiti huosha miguu na kuipangusa kwenye mkeka mnene kabla ya kuingia. Basi fikirini, ndugu zangu: karibu miaka 700 iliyopita, katika pwani hii hii, kiatu kilikuwa tayari ni amri. Mwenye mji ndiye aliyesema nani avae.

Kutoka Mombasa msafiri yule alishuka hata Kilwa, jirani yetu wa kaskazini. Huko alimkuta Sultani Hassan, ambaye watu walimpa jina la Abul-Mawahib, yaani baba wa vipaji, kwa ukarimu wake. Siku moja alipotoka msikitini maskini mmoja alimwomba nguo zile zile alizokuwa amezivaa. Sultani hakumwambia arudi kesho. Aliingia ndani, akabadili, akampa. Kisa hiki nawaomba mkiweke akilini, maana nitakirudia.

Baadaye, tunapofika katika siku ambazo babu za babu zetu walizijua, twaona daraja za viatu zimepangwa vizuri kabisa. Mtu wa kawaida, akitaka kutoka uani au kwenda chooni, alikanyaga mitalawanda ya mti, akiishika kwa kidole kwenye msuruaki wake. Mtu mwenye uwezo alikuwa na makubadhi, yaani viatu vya ngozi vilivyo wazi, vyenye gidamu ya kupita kati ya vidole na nakshi za uzi juu yake, na alivivaa pamoja na kanzu, kilemba na jambia lenye ala ya ngozi. Na chini ya hao wote alikuwako mtumwa, ambaye kwa desturi hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kofia mbele ya bwana wake. Kilwa Kivinje, mji ulio katika pwani hii yetu, ulikuwa bandari kubwa ya kusafirishia watumwa. Waliopita njia ile kutoka Ziwa Nyasa walitembea majuma mengi, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa habari za viatu.

Kwa hiyo msishangae kusikia kwamba watu walipopata uhuru wao walitafuta mavazi upesi sana. Utumwa ulikomeshwa Unguja kwa sheria ya mwaka 1897, na huku Tanganyika ulifutwa kabisa mwaka 1922. Kofia, kanzu na viatu havikuwa pambo kwa watu hao. Vilikuwa ni hati. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuisoma hati hiyo kutoka ng'ambo ya barabara.

Na tazameni, mwaka ule ule wa 1922 ndipo karani Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha Tanga chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Serikali katika Tanganyika. Mwaka 1931 yeye huyo alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Sisi tunaokutana leo katika chama cha watumishi ni wajukuu wa kazi ile. Nadhani si jambo la bure kwamba sheria iliyomtoa mtu katika utumwa na chama kilichomweka karani katika heshima vilizaliwa mwaka mmoja. Karani aliyeng'arisha viatu vyake siku zile hakuwa akijivuna tu. Alikuwa akisema, bila kufungua kinywa, kwamba yeye si mali ya mtu.

Vita navyo vilifundisha habari ya viatu. Katika vita vya 1914 hata 1918, askari wa Kijerumani wa rangi yetu walivaa buti, ila wale wa K.A.R. wengi wao walikwenda miguu mitupu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1917 majeshi hayo yalikutana Mahiwa, si mbali na Nyangao, katika vita vikali kupita vingine vyote vya upande huu. Wapagazi waliochukua mizigo nyuma yao hawakuwa na kitu mguuni. Wengi waliangushwa na maradhi na vidonda, na funza nao waliwala vidole. Mdudu huyu wa funza si wa asili katika Afrika. Alifika Angola kutoka Amerika ya Kusini mwaka 1872, akavuka bara zima, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha fika pwani ya mashariki. Tena yuko mchango wa safura, ambaye huingia mwilini kwa kutoboa ngozi ya mguu uliokanyaga udongo mchafu, kisha hunyonya damu tumboni. Kwa ajili ya hayo mawili peke yake, mwenye watoto awanunulie viatu kabla ya kujinunulia tai.

Sasa niulize: kwa nini ngozi, wala si kitu kingine? Ngozi mbichi ikiachwa huoza, na ikikaushwa tu juani huwa ngumu kama ubao. Lakini ikilowekwa katika maji ya magome yenye ukakasi, nyuzinyuzi zake hushikamana na ukakasi ule, wala haiozi tena, nayo hubaki laini. Ninyi watu wa Sudi mwaujua ukakasi huo vizuri sana: ndio ule unaokaza ulimi mtu anapokula bibo la mkorosho. Na gome lenye ukakasi mwingi kabisa liko hapa mbele yetu, katika mikoko inayosimama kwenye tope la ghuba hii. Tangu siku za Wajerumani magome ya mikoko ya pwani hii, hasa ya Rufiji, yalipakiwa melini kwenda Ulaya, yakatengeneza ngozi za watu ambao hawakujua hata jina la mti huo. Huko Njombe ilianzishwa mwaka 1949 kampuni ya kupanda miwati, kusudi kutoa dawa hiyo hiyo katika magome yake. Siku hizi viwanda vingi hutumia chumvi za kromi, ambazo humaliza kwa siku chache kazi ambayo magome huifanya kwa majuma au miezi.

Ngozi iliyotengenezwa hivyo ina tabia tatu ambazo plastiki haijaweza kuziiga vema. Hupitisha jasho, ndiyo sababu mguu hauchemki ndani yake. Hufuata umbo la mwenyewe, hata viatu vya mtu baada ya mwaka vyamtambulisha kama mwandiko wake. Na hutengenezeka: soli ikilika, fundi hung'oa ya zamani, akachukua msharasi na uzi wenye nta, akashona nyingine. Kandambili ikikatika hutupwa. Kiatu cha ngozi kikipasuka hupelekwa kwa fundi. Mtu anayenunua kiatu kizuri mara moja na kukitunza hutumia fedha kidogo kuliko yule anayenunua vibovu vitatu kila mwaka.

Hapo, Bwana Mwenyekiti, ndipo nilipopiga makofi katika mkutano uliopita. Nami naendelea kukubali kwamba karani anayetumikia watu avae kwa adabu. Serikali yenyewe ilikwisha toa waraka wa mavazi ya watumishi mwaka 2007, wala sina neno juu yake. Lakini nilipofika nyumbani usiku ule, nikavua viatu vyangu na kuviweka chini ya kitanda, nilikumbuka jambo moja, na usingizi ukanipotea. Sijapata kulisema mbele za watu. Nitalisema leo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani katika ofisi moja, ambayo si lazima niitaje. Nilikuwa kijana, nimetoka shule ya misheni ambako tulikaguliwa viatu kila asubuhi, na mshahara wangu wa kwanza niliumaliza kwa jozi ya viatu vyeusi vya ngozi. Asubuhi moja alikuja mzee mvuvi, mtu wa ng'ambo ya maji, akitaka karatasi ya kuthibitisha kifo cha nduguye, ili watoto wa marehemu wapate haki yao. Miguu yake ilikuwa mitupu, na tope la mikoko limekauka mpaka juu ya kifundo. Sakafu ilikuwa imepigwa deki wakati huo huo. Nilimtazama miguu kabla sijamtazama uso. Sikumwamkia. Nilimwambia, "Mzee, ngoja nje." Alikwenda akakaa chini ya mwembe. Wakaja wengine, nikawahudumia. Saa ya kufunga ilipofika alikuwa bado yuko pale, nami nilimwambia aje kesho.

Kesho yake alikuja. Alikuwa amevaa viatu vya ngozi vya kahawia, vya mtindo wa zamani sana, tena vidogo kwake, akichechemea kama mtu aliyechomwa mwiba. Aliposimama mbele ya meza yangu alisema kwa upole, "Shikamoo, bwana karani. Leo nimekuja na viatu."

Ndugu zangu, mzee wa umri wa babu yangu aliniamkia mimi shikamoo, akaniita bwana. Nilimwandikia karatasi yake, na kazi yote haikuzidi dakika 10. Katika kuandika nilimwuliza habari za marehemu, naye akaniambia, bila uchungu wowote, kwamba viatu vile vilikuwa vya marehemu mwenyewe. Alivitoa sandukuni kwa mjane usiku, kwa kuwa alidhani ndiyo kanuni ya ofisi. Alipotoka nilimwona dirishani. Alifika chini ya mwembe, akavivua, akavifuta vumbi kwa pindo la shuka lake, akavichukua mkononi, akaenda zake miguu mitupu kwa mwendo mwepesi.

Sikumkimbilia. Sikumwomba radhi. Nilivitazama viatu vyangu chini ya meza, nikaendelea na kazi. Hilo ndilo kosa langu, na sina wa kumshiriki.

Wazee wetu husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi siku ile nilijikwaa ulimi, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa salama ndani ya ngozi. Yule Sultani wa Kilwa aliombwa nguo zake mwilini, akazitoa saa ile ile. Mimi niliombwa wino na dakika 10, nikasema kesho. Na kile ambacho mtawala wa Mogadishu alikifanya mwaka 1331 kwa fahari ya ufalme, mimi nilikifanya kwa jozi moja ya viatu nilivyonunua kwa mshahara wa mwezi.

Basi, ndugu wanachama, naona kwamba hatari ya shauri hili haiko katika kiatu. Iko katika faini. Tukianza kumtoza mwenzetu kwa sababu ya mguu wake, haitachukua siku nyingi kabla hatujamtazama mwananchi kwa macho hayo hayo. Tena wako kati yetu watumishi wa chini, matarishi na walinzi, wenye watoto wengi, ambao jozi nzuri ya ngozi kwao ni karo ya mtoto. Mtu kama huyo akilazimishwa atakopa, na mwenye deni la viatu huenda mguu mzuri na roho iliyochechemea.

Tena kuna aibu nyingine iliyo kubwa kuliko ya miguu mitupu. Nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, nayo huhesabiwa miongoni mwa nchi za mbele katika Afrika yote kwa wingi wa mifugo. Lakini viatu tunavyovaa vingi ni vya mitumba au vya kutoka ng'ambo. Miaka ya 1970 ulianza mpango wa kiwanda kikubwa cha viatu Morogoro, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambacho kilikusudiwa kuuza viatu vingi Ulaya. Mitambo iliharibika, vipuri vikakosekana, na jengo lenyewe halikuifaa hali ya joto ya nchi. Hakikupata kufanya kazi zaidi ya sehemu 5 katika mia ya nguvu zake, na mwaka 1990 kilifungwa. Huko Moshi, mwaka 2020, kilifunguliwa kiwanda kipya cha ngozi cha Karanga, mali ya Magereza pamoja na mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, yaani akiba yetu sisi wenyewe imo ndani yake. Tukiombee dua, na tukipata nafasi tununue viatu vyake.

Sisi wa pwani ya kusini zamani tulikuwa na udhuru. Ndorobo walikuwa wengi, na ng'ombe walikuwa haba. Lakini tangu mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa Usangu na wengi wao kuelekezwa mkoani Lindi, makundi ya ng'ombe yako hapa, na ngozi ziko. Hata hivyo, kila Iddi ya kuchinja huziona ngozi za mbuzi na ng'ombe zimetupwa nyuma ya nyumba zikigombewa na mbwa, au zimetandazwa chini juani mpaka zimekunjamana, au zimetobolewa na kisu cha mchinjaji mwenye haraka. Methali yasema ngozi ivute ingali mbichi. Ikikwisha kauka vibaya hakuna fundi wa kuirudisha.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba kuondoa kura yangu katika shauri la faini, na mahali pake naleta mashauri matatu.

La kwanza, kila mwanachama avae kwa usafi kadiri ya uwezo wake, na mwenye viatu vya ngozi avitunze: asivikaushe jikoni wala juani vikilowa, avipake dawa, avipeleke kwa fundi mapema. Asiye navyo asitozwe kitu wala asisemwe.

La pili, katika kila ofisi yenye mwanachama wetu liwekwe benchi ndani, kivulini, wala si nje, na kila ajaye aamkiwe kwanza, ndipo aulizwe haja yake. Mkubwa aamkiwe na mdogo, kama desturi yetu ilivyo. Wala mtu yeyote asingojeshwe kwa sababu ya miguu yake.

La tatu, chama kitoe fedha kidogo kununua chumvi, na Iddi ijayo, kwa idhini ya mashehe wetu na wenye wanyama, vijana wakusanye ngozi, wazioshe, wazipake chumvi upande wa nyama, na kuzitundika kivulini. Zipelekwe kwa fundi viatu wetu, tumwombe achukue kijana mmoja au wawili awafundishe kazi. Ila magome ya mikoko yasibanduliwe katika miti iliyo hai, kwa kuwa mkoko uliobanduliwa gome pande zote hufa, na mkoko ukifa kamba na samaki hukosa mahali pa kuzalia.

Naogopa kwamba nimewachosha. Neno langu la mwisho ni fupi. Ngozi imekaa katika mavazi ya wanaume kwa karne nyingi kwa sababu ni kitu imara, chenye kufaa, na chenye heshima. Lakini kabla ya kuwa kiatu ilikuwa ni ngozi ya kiumbe, na mguu ulio mtupu nao umevaa ngozi, ile aliyopewa na Muumba wake. Hiyo haikuombwa kwa duka wala kwa deni. Mzee yule wa ng'ambo ya maji sikumwona tena, na sijui kama yu hai. Kama yu hai, na kama siku moja atahitaji karatasi nyingine, nataka akifika aone benchi ndani, na karani asimame, amwambie shikamoo.